VISIMA VYA NYUMBANI NAVYO VYATAKA GENGI

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa tawi na sisi wa gengi la njia. Yamechapwa hapa kwa kuwa ndugu wengi walikuwa zamu siku ile, nao wameomba kuyasoma kabla ya kura kupigwa.)



Sisi si watu wa maneno mengi. Tulisoma shule ya misheni mpaka mwisho wa praimari, kisha tukashika nyundo. Hatukuja kufundisha habari ya maji kama mainjinia. Tumekuja kusema juu ya shauri lililo mbele yenu, kwamba fedha za ustawi zilizosalia zitumiwe kuchimba kisima kipya katika kijiji kimoja cha wanachama, na kuweka hapo ubao wenye jina la Chama. Shauri hilo limetoka kwa watu wenye moyo mwema, nasi hatuwalaumu. Lakini twaomba mlitazame tena, na sababu zetu ni hizi.

YALIYOTUPATA NYUMBANI

Mwezi wa Desemba uliopita, sisi watatu tulio wa lokesheni moja tulipata likizo pamoja. Tulipofika nyumbani tulikuta pampu ya mkono ya kijiji imefungwa kamba, na mbuzi wamelala juu ya sakafu yake. Pampu hiyo ilitiwa miaka michache nyuma na wafadhili. Siku ya kuifungua kulikuwa na ngoma, hotuba, na picha zikapigwa. Ubao wao ungali umesimama mpaka leo, na rangi yake ni nzuri.

Tuliwauliza wazee, "Imeharibika tangu lini?" Wakajibu, "Tangu mvua za mwezi wa nne." Tukauliza, "Kimevunjika kitu gani?" Hakuna aliyejua. Tukauliza, "Na fedha za matengenezo?" Wakasema zilichangwa mwaka wa kwanza tu, kisha mweka hazina akahamia mjini pamoja na daftari, na watu wakaacha kutoa. Kamati ingaliko kwa jina. Mwenyekiti wake alikuwa amekwisha kufa, na hakuna aliyechaguliwa mahali pake.

Basi kwa miezi minane kina mama walikuwa wakiteka maji katika kisima cha kuchimba kwa mkono karibu na korongo, au wakinunua kwa vijana wenye punda. Kisima kile kiko chini ya mteremko wa vyoo vya shule. Tulipima kwa hatua, tukapata hatua kumi na nane. Katika likizo hiyo hiyo mtoto wa mmoja wetu, msichana wa miaka minne, alishikwa na kuhara, akalazwa katika zahanati siku tatu akitiwa maji kwa mshipa. Neno la kwanza alilouliza mwuguzi lilikuwa hili: "Nyumbani kwenu maji mnateka wapi?" Baba yake alitazama chini. Mtoto alipona, na twamshukuru Mungu.

Siku iliyofuata tulitafuta spana, tukafungua pampu, tukavuta vyuma vyake kimoja baada ya kimoja. Kilichokuwa kimekwisha ni mpira wa pistoni, kitu ambacho mtu aweza kukificha katika kiganja. Duka la karibu halikuwa nao. Tuliupata siku ya tatu katika mji mwingine, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kuufuata. Jioni ile maji yakatoka.

Ndugu zetu, watu walitushangilia, lakini sisi tuliona haya. Sisi ni watu wa matengenezo. Hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Tena tulikuwa tumekwenda nyumbani wakati wa Pasaka, tukaiona pampu ile imenyamaza, tukapita.

RELI HAIKUJENGWA IKAACHWA

Hebu tutazame kazi yetu wenyewe. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kila mtoto wa shule aijua miaka hiyo. Lakini kama mwaka 1901 watu wangalisema, "Sasa imekwisha, twendeni zetu," njia ile isingalidumu. Mvua hula tuta, jua hupinda chuma, kutu hula mataruma, na nati hulegea kwa mtikisiko. Kwa sababu hiyo kukawa na magengi, na kila gengi likapewa kipande chake. Mtu hutembea kipande kile kwa miguu, nyundo begani na spana mkononi, akigonga hapa na kukaza pale. Akiona jambo linalomshinda humwambia msimamizi wa gengi. Msimamizi akishindwa humwambia mkaguzi wa njia, na mkaguzi akishindwa jambo hufika kwa injinia.

Je, kuna siku yoyote mkubwa alipomwambia mtu wa gengi, "Kipande hiki sasa ni chako, kikiharibika nunua reli kwa fedha zako mwenyewe, na usituite tena"? Hakuna. Lakini hayo ndiyo maneno wanayoambiwa watu wa kijiji siku ya kufunguliwa kwa mradi wa maji. Hupewa ufunguo mbele ya watu, wakaambiwa, "Mradi ni wenu," na magari yakaondoka. Ni vema mradi uwe wao. Ila kuwa na kitu si sawa na kuachwa nacho peke yako.

Tena reli yenyewe iliishi kwa maji. Wajenzi walipovuka nyika ya Taru, maji ya kunywa yaliletwa kwa treni kutoka nyuma, maana mbele hapakuwa na kitu. Nairobi, ambako reli ilifika mwaka 1899, ilipata jina lake kwa neno la Kimaasai la maji baridi. Na katika zamani za injini za moshi, zile Garratt kubwa za daraja la 59 zilizoletwa mwaka 1955 na 1956 zilichukua zaidi ya galani 8,000 za maji. Kwa hiyo njiani palikuwa na mahali pa kutia maji, penye tangi, mabomba na pampu, na watu walioajiriwa kuvitunza.

Fikirini jambo hilo. Tangi moja, bomba moja, pampu moja, mahali pa mbali porini. Huo ulikuwa nini kama si mradi mdogo wa maji ya mashambani? Nayo maji yale hayakuachwa yakatike miezi minane. Kwa nini? Kwa sababu treni ikikosa maji, habari zilikwenda kwa waya saa ile ile, na fundi akatumwa. Palikuwa na mtu wa kujua, palikuwa na mtu wa kwenda, na palikuwa na stoo ya vyuma. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokosekana kwetu nyumbani. Treni ilikuwa na wa kuisemea. Mama mwenye mtungi alikuwa hana.

NANI AJUAYE KWAMBA KISIMA KIMEKUFA?

Mtu aweza kusema kwamba mambo ya reli ni ya shirika kubwa, wala hayawezekani kijijini. Basi na tutazame Kyuso, upande wa Mwingi, katika Kaunti ya Kitui. Ni nchi kavu, na watu wengi hutegemea pampu za mkono. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio huko. Walitia katika mkono wa pampu kifaa kidogo chenye laini ya simu. Mkono ukipanda na kushuka, kifaa kinahesabu, kisha kinapeleka habari kwa njia ya simu. Mkono ukitulia siku ambazo watu hawana budi kuteka, fundi anajua kuna jambo, naye anapanda pikipiki na kwenda.

Kabla ya jaribio hilo pampu ikiharibika ilikaa kwa wastani siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio zikawa chini ya siku 3. Maji ni yale yale, pampu ni zile zile, watu ni wale wale. Kilichoongezwa ni habari kufika upesi, na fundi ambaye kazi yake ni kwenda.

Baada ya hapo kazi hiyo iliendelezwa Kitui na Kwale kwa jina la FundiFix. Watu wa kisima hutoa ada yao, nao hupata ahadi ya kutengenezewa. Na kwa kuwa ada ya wanakijiji haitoshi kulipa kila kitu, ukawekwa mfuko wa kujazia pengo, unaolipa kwa kutazama kazi iliyofanywa. Hapa tusidanganyane. Kijiji kidogo chenye nyumba chache hakiwezi kulipa peke yake gharama yote ya fundi, pikipiki, vyuma na vipimo. Hata stesheni ndogo ya reli haikuweza kujilipia yenyewe, bali ilibebwa na njia nzima.

Neno moja tena juu ya pampu. Ile iitwayo Afridev ilitengenezwa na kujaribiwa Kenya na Malawi katika miaka ya 1980, pamoja na kule Kwale, kusini ya Mombasa. Ilifanywa makusudi watu wa kijiji waweze kuifungua kwa spana moja, na huko Kwale wanawake walifundishwa kuitunza. Ni jambo la akili sana. Lakini pampu nyepesi kufunguliwa bado yataka mpira uwe dukani, na mwenye kujua awe karibu. Na siku hizi miradi mingi ina pampu ya umeme wa jua, imezamishwa chini kabisa ya kisima. Hiyo ikinyamaza, spana ya kijiji haifui dafu. Sharti awepo fundi wa kuitwa.

FUNDI WA KUZUNGUKA

Majirani zetu Tanzania walianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia watu wa vijijini maji safi, yasiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka nyumbani, na maji ya vijijini yalikuwa bure. Nia ilikuwa njema mno. Lakini mabomba yaliyolazwa yalikuwa mengi kuliko fedha na mafundi wa kuyatunza, na mengi yalikauka. Mwaka 1991 sera ilibadilishwa, watu wakatakiwa kuchangia na kusimamia. Kisha ikaonekana kwamba kamati za vijiji peke yake nazo huchoka. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji ya vijijini wenye ofisi wilayani, ili iwe nyuma ya vyombo vya maji vya wananchi. Twaona wametembea njia ndefu kutoka "serikali ifanye yote" na kupita "kijiji kifanye yote," wakafika mahali ambapo kijiji kinaendesha, na mkubwa yuko nyuma yake.

Huko Marekani, nchi ya matajiri, miji midogo ya mashambani nayo ilishindwa kuendesha maji yake na maji yake machafu. Mwaka 1976 wakaunda chama chao cha maji ya mashambani, na tangu 1980 serikali yao hulipia mafundi wa kuzunguka. Mafundi hao huitwa kwa jina la wahubiri wa zamani waliopanda farasi na kuzunguka makanisa ya mbali. Sisi tuliosoma misheni twajua mfano huo. Padre hakuweza kukaa katika kila kigango. Katekista alikaa, na padre alikuja kwa baiskeli kwa siku zake, akatazama daftari, akarekebisha, akaenda kingine. Kigango kilichotembelewa kilisimama. Kilichosahauliwa kilifungwa.

Honduras, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, walichukua mfano huo mwaka 1995 kwa njia ya shirika lao la maji lililoitwa SANAA. Kila fundi alipewa vijiji kama 50. Alipofika kijijini alitazama chanzo cha maji, tangi, mabomba, dawa ya klorini, na pia kitabu cha fedha na mikutano ya kamati. Kisha akakiweka kijiji katika daraja moja kati ya nne. A, mambo yote ni barabara. B, kuna kasoro, lakini kamati yaweza kuiondoa kwa juhudi bila fedha nyingi. C, yatakiwa fedha, lakini kijiji chaweza kuzichanga. D, mradi umeharibika hata kijiji peke yake hakiwezi. Mtaona upesi faida yake. Fedha haba hazitupwi ovyo. Kijiji cha B chahitaji maneno na mafunzo, na kijiji cha D chahitaji serikali.

MAJI SAFI NA MAJI MACHAFU NI NJIA MOJA

Watu husema juu ya maji ya kunywa, wakaona haya kusema juu ya choo. Sisi tuliomwona mtoto akitiwa maji kwa mshipa tumeacha kuona haya.

Mvua inyeshapo juu ya choo kibaya, uchafu hushuka. Maji ya chini ya ardhi hutembea polepole, huyaoni, nayo hayatazami mipaka ya shamba. Kanuni inayofundishwa mahali pengi ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, kiwe upande wa chini wa mteremko na si wa juu, na chini ya shimo pabaki angalau mita 2 kabla ya kufika kwenye maji. Penye mawe yenye nyufa au mchanga mnene hata mita 30 zaweza kuwa chache. Kule kwetu kisima kilikuwa hatua kumi na nane, na tena upande wa chini.

Kuna na jambo la shimo kujaa. Shule hujengewa vyoo, au tangi la maji machafu, na hakuna aulizaye nani atayatoa yakijaa. Lori la kunyonya halifiki njia mbaya, nalo ni ghali. Basi shimo hufurika, watoto huenda vichakani, na mvua huleta yote korongoni. Kamati ya maji isiyotazama vyoo ni kama mtu wa gengi anayekagua reli ya kulia tu. Treni itaanguka kwa ile ya kushoto.

Pia sakafu ya kisima iwe na mfereji wa kuondoa maji yaliyomwagika, uyapeleke mbali katika shimo la mawe au bustani. Ng'ombe wanyweshwe mbali, mahali penye uzio. Kazi hizi hazitaki mfadhili. Zataka koleo, saruji kidogo, na Jumamosi moja.

HESABU YA FEDHA

Ndugu mmoja alituambia, "Chama ni cha mshahara, si cha visima." Twamjibu kwa hesabu. Miezi ile minane kijana wa punda aliuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Nyumba ya watu watano ikitumia mitungi minne kwa siku, hiyo ni shilingi 80. Kwa mwezi ni 2,400. Nani alilipa? Alilipa mfanyakazi wa reli, kwa fedha alizotuma nyumbani. Tunakaa mezani na mwajiri kwa miezi, tukibishana juu ya nyongeza, na nyongeza ikipatikana inamwagika katika mtungi wa punda. Hilo ni shauri la mshahara, bwana.

Sasa tazameni upande wa pili. Kijiji chenye nyumba 80, kila nyumba ikitoa shilingi 100 kwa mwezi, hupata shilingi 8,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 96,000. Hizo zaweza kununua mipira na vyuma vya pampu ya mkono, kumlipa mtunzaji kidogo, na kubakiza akiba. Haziwezi kuchimba kisima kipya, wala kubadilisha pampu nzima ya umeme wa jua. Basi kila mtu abebe mzigo wake: kijiji kibebe matengenezo ya kila siku, na mazito yabebwe na kaunti na taifa.

Na fedha hizo hazitakaa bila kitabu. Hapo ndipo Chama kinapojua kazi kuliko wafadhili wengi. Sisi tunajua ada ya kila mwezi ni nini. Tunajua risiti, sahihi za watu watatu katika benki, mkaguzi wa hesabu asiye wa kamati, taarifa kusomwa kwa sauti mbele ya wote, na uchaguzi kwa siku yake. Tulijifunza kwa uchungu. Hata tawi hili, wazee wanakumbuka, lilipata kukosana kwa sababu ya daftari moja. Tukaponywa na nini? Na ofisi kuu iliyomtuma mtu akakaa nasi siku mbili, akapanga hesabu upya bila kumtukana mtu. Tawi lililoachwa peke yake hunyauka, na kamati ya maji ni vivyo hivyo.

KWA NDUGU WASEMAO NI KAZI YA SERIKALI

Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya usafi wa mazingira wa kiwango cha kufaa. Kazi ya maji ilitiwa mikononi mwa kaunti. Na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, katika sehemu ya 94, yaitaka serikali ya kaunti ifanye mipango ya maji kwa sehemu za mashambani ambazo hazina faida ya kibiashara. Kwa hiyo kijiji kisiambiwe kamwe, "Mradi wenu ni mdogo mno."

Lakini sisi wa Chama twajua jinsi haki inavyodaiwa. Mwajiri hajibu manung'uniko ya kantini. Hujibu barua yenye tarehe, yenye hesabu, na yenye watu nyuma yake. Mtu akienda kaunti na kusema, "Hatuna maji," ataambiwa asubiri. Akienda na kusema, "Pampu yetu ilisimama tarehe fulani, nyumba 80 zinategemea, ada tulizochanga ni hizi, vyuma tulivyonunua ni hivi, sasa kilichobaki ni hiki kinachotushinda," hapo ofisi itajua inasema na watu waliojipanga.

TUNAYOOMBA

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi kuliko tulivyokusudia. Sasa twaweka mezani maombi manne badala ya kisima kipya.

Kwanza, kila mwanachama aendapo nyumbani kwa likizo atazame maji ya kwao na vyoo vilivyo karibu, aandike katika karatasi moja: daraja A, B, C au D, na sababu yake. Katibu akusanye karatasi hizo. Kwa mwaka mmoja tawi hili litajua habari za vijiji vingi bila kutumia senti.

Pili, sehemu ya fedha za ustawi inunue vyuma vidogo vya pampu za mkono zilizo nyingi makwao: mipira ya pistoni na vali, na vyuma vya kuunganisha. Vikae katika sanduku la tawi chini ya daftari. Kijiji kikichukua kirudishe bei yake, ili sanduku lisiishe.

Tatu, sehemu nyingine iwalipie nauli wanachama wawili au watatu wenye mikono mizuri wakafunzwe kazi ya pampu na kupima klorini, kisha wazungukie vijiji ambavyo vimekubali kutoa ada na kusoma hesabu hadharani. Kijiji kisichokubali tusikilazimishe. Na katika kila kamati tutakayoisaidia wawemo kina mama, hasa katika hazina, kwa kuwa ndio wajuao siku ya kwanza maji yakipungua.

Nne, kwa vijiji vya D, Chama kiandike barua kwa kaunti zinazohusika, kwa jina la Chama, pamoja na karatasi zile.

Juu ya ubao wenye jina, tunajua baadhi ya ndugu watasikitika. Kisima kipya huonekana, na mpira wa pistoni hauonekani. Hata kazi yetu ya gengi haionekani. Abiria akifika salama hamkumbuki aliyekaza nati. Tumeizoea hali hiyo, na tunaomba tawi zima liizoee pamoja nasi.

Pampu ile ya kwetu ilikuwa ikitoa maji tulipoondoka mwezi wa Januari. Kabla ya kupanda basi tulifanya mkutano chini ya mti, kamati mpya ikachaguliwa, na mama mmoja muuza mboga akapewa daftari. Mwezi wa Machi alitupigia simu kusema pampu imeanza kulia kama mlango usio na mafuta. Mmoja wetu alikwenda Jumamosi, akakaza bolti mbili, akarudi Jumapili kuwahi zamu. Nauli alitoa mfukoni mwake. Hawezi kuitoa kila mara, wala vijiji havina watu kama yeye kila mahali. Kwa sababu hiyo tumesimama mbele yenu leo.

Tunaomba shauri hili lipigiwe kura mkutano ujao, na kila ndugu aliyekosa maneno haya ayasome kwanza.